Kumpisha Mama Mkwe Msituni

Kwa miaka kumi na minne nimekula kwa nyuso za watu. Nina chumba cha kupigia picha katikati ya jiji, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na kazi yangu kubwa ni picha ndogo: za pasipoti, za leseni, za vitambulisho vya kazi, na zile zinazochapishwa kwenye karatasi ya ibada ya mazishi. Mtu akikaa dakika mbili kwenye kiti changu, ninajua kama amelala vizuri, kama jino linamuuma, kama ametoka kugombana na mtu asubuhi hiyo. Hilo ni jambo la kujivunia, nami nilijivunia, mpaka mwaka jana nilipozichoka nyuso na kujitangaza kuwa msanii wa mandhari.

Hakuna aliyeniomba. Nilitazama video kwenye simu, za bwana mmoja mwenye ndevu anayepiga picha za mito huko kwao, nikanunua stendi ya kamera, kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, na kizibao chenye mifuko kumi na miwili. Mpaka leo nimepata matumizi ya mifuko mitatu. Nikaanza kusema "mwanga asilia" nyumbani Riruta, mezani, mbele ya ugali. Mke wangu Maureen akiniuliza kwa nini sijabadilisha balbu ya jikoni, namwambia nautafakari mwanga. Alinivumilia kama mtu anavyomvumilia jirani anayejifunza kupiga tarumbeta.

Mwezi wa tatu mama yake Maureen akaja kutoka Makueni kutibiwa. Jina lake sitalitaja, hata hapa ambapo hanisikii. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni: heshima iliyochanganywa na haya, baina ya mwanamume na mama aliyemzaa mkewe. Humpi mkono. Hamli meza moja, wala hamsemezani bila mtu wa kati. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia ili mwenzake apite. Humkodolei macho usoni. Vijana wa siku hizi wanasema hayo yameisha, wanawakumbatia mama wakwe zao kanisani na kupiga nao picha wamebanana mashavu. Mimi nililelewa na nyanya. Katika ndoa yote nilikuwa nimeuona mgongo wa mama mkwe, leso zake na viatu vyake tu. Siku ya harusi yetu nilikaa nimeinamisha kichwa tangu asubuhi, wageni wakanisifu kwa unyenyekevu.

Sasa fikiria nyumba ya vyumba viwili, ingawa binti yetu alikuwa shule ya bweni. Kwa wiki tatu nilikula chumbani, sahani imewekwa juu ya sanduku. Kabla ya kuingia sebuleni kwangu mwenyewe nilikohoa mara mbili, nikasikia viatu vya plastiki vikikimbilia jikoni, ndipo nikafungua mlango. Tulikuwa tunaheshimiana mpaka hakuna aliyepata raha.

Ugonjwa wake ulikuwa uvimbe kwenye taya. Daktari alipanga upasuaji Jumatatu. Alimweleza Maureen waziwazi kwamba kipande cha mfupa kitatolewa, na kwamba uso hautarudi kuwa ulivyokuwa. Utabadilika kiasi gani, hakusema.

Usiku ule Maureen alikaa kitandani akaniambia hana picha ya mama yake. Hana hata moja, isipokuwa ile ya kitambulisho, ambamo kila Mkenya anaonekana kama mshukiwa. Mama alikuwa anaikimbia simu. Tangu uvimbe uanze alikuwa anajifunika shavu kwa leso, mchana na usiku.

"Wewe ndiye fundi," Maureen akasema. "Mpige picha kabla ya Monday. Nataka kukumbuka vile alikuwa."

Nikamwambia mwanga wa nyumba yetu ni mbaya.

"Tumpeleke studio."

Nikamwambia taa za studio zinaua ngozi ya mtu mzima. Nikaeleza habari za vivuli. Nikaeleza habari za rangi joto na rangi baridi. Mtu akitaka kukwepa kazi, ufundi wake humpa maneno mengi sana.

"Haya, mwanga mzuri uko wapi?"

Hapo nikajiona nimeshinda. Nikasema kuna maporomoko ya maji katika msitu wa Oloolua, kule Karen, na kwamba kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nne na robo jua hupenya katikati ya miti na kuyaangukia maji kwa namna ambayo taa ya kununua haiwezi kuiga. Pale ndipo picha ya heshima inapopigwa. Lakini ni mwendo, nikasema kwa huzuni, kuna mabonde na mawe, na mama ni mgonjwa.

Sikukumbuka kwamba ukuta wetu ni wa mbao. Asubuhi yake mama mkwe alimuuliza bintiye, kwa Kikamba, nami nikiwa nyuma ya mlango na chai yangu: hayo maji yanaanguka mwaka mzima?

Mwaka mzima, Maureen akamjibu.

Na hakuna mtu anayeyachota?

Hakuna.

 Mama mkwe ni mtu aliyetembea na mtungi tangu utotoni katika ukame wa Makueni, na baadaye na punda, na ambaye hata Riruta alikuwa akioga kwa kikombe kimoja na nusu. Akasema anataka kuuona ubadhirifu huo kwa macho yake kabla hajapasuliwa.

Ndivyo ulimi wangu ulivyonipeleka msituni siku ya Jumamosi.

Tulichukua teksi. Mimi nilikaa mbele na nikakigeuza kioo kidogo cha juu ya kiti changu kielekee paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Langoni nilivaa kizibao, nikafunga kofia, nikabeba mfuko wa kamera mgongoni na stendi begani. Askari wa msitu, aliyevaa kibandiko cha jina la Omollo, aliniuliza kama natoka televisheni. Sikumjibu haraka, nikitaka dhana hiyo ikae kidogo.

Tulipanga msafara kimila. Maureen mbele na mama yake, mimi nyuma hatua ishirini. Mpango ulikuwa mzuri kwa dakika kumi. Mama mkwe, mwenye miaka sitini na minane na uvimbe tayani, alitembea na vile viatu vya plastiki kana kwamba ameitwa mahali. Mimi, mwenye buti za kupandia milima, nilianza kupumua kwa sauti. Na kwa kuwa nthoni haimruhusu kuniacha nipotee wala kunisubiri karibu, kila niliposimama kushika magoti yeye naye alisimama kule mbele, akanigeuzia mgongo, akangoja. Nikianza kutembea anaanza. Nikisimama anasimama. Msitu mzima ulijua hesabu ya mapumziko yangu.

Maureen akachoka nasi. Akasema anatangulia kutafuta jiwe zuri la mama kukalia, tumfuate pole pole, njia ni moja. Akapotelea kwenye mianzi.

Kosa lilitokea kwenye kona. Nilikuwa nimeinama, nahesabu hatua zangu ili nisitazame mbele, kumbe mama mkwe ameona matawi makavu chini. Yeye anatoka mahali ambapo tawi kavu haliachwi likalala. Alikuwa amesimama katikati ya njia anafunga mzigo wa kuni. Nilipoinua kichwa nilikuwa karibu kumgonga. Nikafanya kile ambacho nyanya yangu angenifanya nifanye: niliruka kichakani, upande wa kushoto, na stendi yangu ya kamera, ili mama apite.

Sikusikia hatua. Nikachungulia. Njia ilikuwa tupu. Upande wa kulia kichaka kilikuwa kinatikisika, na ncha ya leso ya zambarau ilikuwa imenasa kwenye mwiba.

Alikuwa amefanya kama mimi. Alikuwa amejificha ili mimi nipite.

Basi nikangoja. Yeye ni mkubwa, yeye ni mama, lazima atangulie. Yeye naye, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa anawaza kwamba mimi ni mwanamume, nina mzigo na nina haraka ya mwanga wangu, lazima nitangulie. Siafu waliniingia kwenye soksi. Sikupiga kelele, maana mkwe hapigi kelele. Nilikohoa mara mbili kama nifanyavyo nyumbani, kumaanisha pita mama. Kule ng'ambo nako kukakoholewa mara mbili. Juu ya miti jua lilikuwa limefika mahali pake. Niliona miale ikishuka katikati ya majani kama nilivyoeleza kitandani, neno kwa neno, na nilikuwa nimechuchumaa kwenye kichaka natafuna kamba ya kofia.

Nilipoangalia saa ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Boss." Ilikuwa sauti ya Omollo, yule askari, na fimbo yake. "Choo iko kwa gate."

"Sijaenda choo."

"Sasa unafanya nini kwa kichaka na camera? Hii si mchezo. Watu huripotiwa."

"Nampisha mama mkwe."

Omollo akashusha fimbo. "Mathe wa bibi yako?"

"Ndiyo."

"Ako wapi?"

Nikanyoosha kidole ng'ambo ya njia. Omollo aliitazama ncha ya zambarau, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Na yeye anakupisha wewe."

"Nafikiri hivyo."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika arobaini."

Alipiga mluzi. "Hata sisi kwetu hiyo kitu tunaheshimu. Mimi siwezi kula kuku mbele ya mathe wa bibi yangu. Lakini nyinyi mmepita kiasi, boss." Akavuka njia. "Mathe, toka upite. Huyu jamaa amefunga macho."

"Apite yeye," kichaka kikajibu kwa Kiswahili safi. "Ana mzigo."

"Anasema upite wewe, una mzigo," Omollo akaniletea.

"Mwambie mama hatanguliwi na mtoto."

"Mathe, anasema hawezi kukutangulia."

"Mwambie nimekaa vizuri."

Alivuka ile njia mara sita. Mwishowe alipoteza subira, akatoa amri ya serikali: tutoke sote kwa wakati mmoja, kila mtu akitazama msitu upande wake, naye atembee katikati yetu. Kabla hatujaanza akamnyang'anya mama mkwe zile kuni.

"Hizi ni za serikali, mathe. Haziruhusiwi kutoka."

"Serikali inapika nini nazo?" mama mkwe akauliza.  Omollo akazibeba yeye mwenyewe.

Tukafika mtoni hivyo, watu wawili wazima wametazama pembeni na askari mwenye kuni katikati. Maureen alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameingiza miguu majini.

"Mlikuwa wapi? Simu haishiki, nilidhani mama ameanguka!"

Omollo akamsimulia yote, bila huruma, pamoja na siafu na kukohoa, mambo niliyomsimulia njiani. Maureen alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Kisha akaendelea kujifuta, na nikaona kwamba hacheki tena.

Wingu lilikuwa limekwisha kuja. Maji yalikuwa ya kijivu, miti kijivu, mawe kijivu. Na maporomoko yenyewe, niseme ukweli, yangetosha watu watano kuoga kwa zamu. Lakini mama mkwe alisimama mbele yake ameweka mikono kiunoni, mgongo wake kwetu, akifyonya na kutikisa kichwa kwa uchungu, kama mtu anayetazama maziwa yakimwagwa.

Nilifungua stendi yangu. Nikaielekeza kwenye maji. Nikapiga picha tatu za maji ili nionekane nafanya kazi, kisha nikatoa ile hotuba niliyokuwa nimeiandaa tangu kichakani.

"Mwanga umekwenda. Mwanga asilia hauna mkataba na mtu. Afadhali turudi wiki ijayo, tuwahi."

Maureen hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Wiki ijayo atakuwa na uso gani, Kiilu?"

Nikarudi kuyatazama maji.

"Umepiga watu wote wa Nairobi. Ulipiga hata yule landlord tulimchukia kule Woodley, ukamwambia atabasamu. Mama yangu ndiye mwanga wake unakosekana?"

Nikashika skrubu ya stendi nikaikaza, nikailegeza, nikaikaza. Hapo, mbele ya yale maji madogo, niliona aibu kweli, si ile ya kimila. Mwanga haukuwa na kosa lolote. Kijivu ndicho kinachofaa uso wa mtu mzima, kinalainisha kila kitu, mwanafunzi wa wiki moja anajua. Niliogopa. Nyuso ndiyo kazi yangu. Mtu akiumwa, akiogopa, mimi ninaona kabla hajasema. Sikutaka kuona kilichokuwa chini ya ile leso, kisha nirudi nyumbani nikalale kando ya binti yake nikijua. Ndiyo maana nilizichoka nyuso tangu mwanzo. Nilikuwa nimechapisha nyingi mno za karatasi za mazishi. Nthoni ilinifaa, nikajificha nyuma yake. Ilipoonekana haitatosha, nikajificha nyuma ya maporomoko.

"Naogopa, Mo," nikamwambia. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini mbele ya maji yale madogo sauti haikupotea.

Mama mkwe alisikia. Alikaa juu ya jiwe, bado amenipa mgongo, akasema na bintiye kwa Kikamba. Alisema kirefu. Maureen akasikiliza, akaniangalia, akasita.

"Anasema kuangalia kwa macho ndiyo mila inakataa. Kwa mashine haijasema. Anasema nyanya zetu hawakuijua hiyo mashine, kwa hivyo hawakuikataza. Anasema atageuka, lakini ukiondoa jicho kwa mashine, utazame chini."

Omollo, aliyekuwa bado ameshika kuni, alisema hilo limekaa kisheria. Kisha, kwa adabu ambayo sikuitarajia, akaenda kusimama mbali, upande wa mianzi.

Nikaigeuza stendi kutoka kwenye maji. Nikainama. Nikaweka jicho kwenye kamera kabla hajageuka, nikafumba lile lingine. Niliona mgongo, kisha bega, kisha mkono ukiishika leso pembeni mwa shingo. Mkono ulikaa pale kwa muda. Kisha leso ikashuka.

Sijui nilitegemea nini. Ulikuwa uso. Mashavu ya Maureen, yenye miaka ishirini na mitano zaidi. Paji la uso la binti yetu, lile lenye mshipa katikati ambao tulidhani hautoki kwa mtu yeyote. Uvimbe ulikuwa pale chini ya sikio la kushoto, mdogo kuliko nilivyouogopa, umeivuta midomo kidogo upande mmoja. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na minne na vipande vya uso huu ndani ya nyumba yangu, na mwenyewe nilikuwa namfukuzia jikoni kwa kikohozi.

Na alikuwa anaogopa. Hilo nililiona mara moja, ndiyo kazi yangu. Aliitazama kamera wima kama watu wanavyoitazama ya kitambulisho, mikono juu ya magoti, na macho yalikuwa ya mtu ambaye hajalala tangu daktari aseme Jumatatu. Wiki tatu tulikuwa tumelala na ukuta wa mbao katikati, kila mmoja macho wazi, kila mmoja akijizuia kukohoa.

Nikabonyeza.

Hiyo ya kwanza ndiyo Maureen aliyoichapisha. Maporomoko hayamo. Kuna kona ya jiwe, majani yasiyoonekana vizuri nyuma, na yeye. Mwanga wake hauna ajabu yoyote.

Nikabonyeza tena, na tena. Maureen alikuwa amesimama kando yangu, ameziba mdomo kwa mkono, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutupelekea maneno. Mbele ya lenzi nikaona midomo ile iliyovutwa upande ikifunguka.

"Umemaliza?" mama mkwe akaniuliza. Mimi. Kwa mdomo wake, bila kupitia kwa mtu.

Nilikuwa nimemaliza. Fundi anajua anapokuwa na picha, nami nilikuwa nayo tangu ile ya kwanza. Lakini nikiondoa jicho pale nitatakiwa kutazama chini, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

"Bado, mama," nikamjibu.

Akakaa vizuri juu ya jiwe lake, akaendelea kunitazama.